Ugeni wa Edinburgh na Wingi wa Neno "Mabepari"

Masimulizi ya Kiswahili kuhusu ujana wa Julius Nyerere hukaa kwa raha katika pembe moja ya Mara: Butiama alikozaliwa mwaka 1922, Kiabakari iliyo jirani na mgodi wake wa dhahabu wa enzi ya ukoloni, na Mwisenge, Musoma, alikoanza shule mwaka 1934. Yakifika Edinburgh hukimbia. Miaka ya 1949 hadi 1952 hufupishwa kuwa shahada, na punde msomaji hujikuta mwaka 1954, TANU inaasisiwa. Namna mwanafunzi huyo alivyouzoea ugeni wa chuo kikuu haielezwi, na uhakiki wa fasihi umelirithi pengo hilo bila kulihoji.

Pengo hili halitokani na uhaba wa utanzu. Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyefundisha Kiswahili Berlin katika miaka ya 1890, aliacha habari za maisha yake huko, nazo zikachapishwa katika mkusanyo wa Büttner wa mwaka 1894. Adam Shafi naye, katika Mbali na Nyumbani (2013), ameufanya msako wa elimu ng'ambo kuwa kiini cha tawasifu. Nyerere hakuandika kitabu cha aina hiyo. Anayetafuta alama za ugeni wake hana budi kuzitafuta kwingine, yaani katika masomo aliyoyachagua na katika tafsiri zilizofuata.

Yafaa kukumbuka kwamba Edinburgh haikuwa ugeni wake wa kwanza. Kizanaki kilikuwa lugha ya nyumbani. Kiswahili chenyewe alijifunza shuleni, kisha Kiingereza, kisha akavuka mpaka kwenda Makerere, Uganda. Kiswahili cha mfasiri huyu basi si cha mtu aliyelelewa katika ushairi wa Lamu au Mombasa. Ni Kiswahili cha mwanafunzi wa bweni, na huenda ndiyo maana hakuona haya kuandika mistari isiyo na vina wakati ambapo vina vilihesabiwa kuwa roho ya shairi.

Huko Uskoti alikuwa amekusudiwa kusoma sayansi, lakini akahamia shahada ya sanaa, iliyompa fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa na falsafa ya maadili. Kwa mwanafunzi wa kigeni, kubadili kozi ni tendo la kujikalisha: anakataa mahali alipopangiwa na kujitafutia kiti. Andiko muhimu lililobaki kutoka miaka hiyo ni insha ya Kiingereza juu ya tatizo la rangi katika Afrika ya Mashariki, iliyokuja kuchapishwa mwaka 1966 katika Freedom and Unity. Insha haisemi lolote la maana kuhusu baridi wala upweke. Mgeni anayeishughulisha ni yule aliyeko nyumbani, Mzungu na Mhindi wa Afrika ya Mashariki, na swali lake ni kwa masharti gani watu hao wataishi na Mwafrika kama raia walio sawa. Mwandishi, aliye mgeni kwa Waskoti, anaandika kama mwenyeji.

Swali hilo linarudi mwaka 1969 katika Mabepari wa Venisi. Wahakiki aghalabu huliona jina hilo kuwa mwangwi wa Azimio la Arusha la 1967, nao hawajakosea. Lakini neno bepari lina historia ndefu kuliko Azimio. Asili yake ni lugha za Kihindi, na kabla ya kumtaja mnyonyaji wa kitabaka lilimtaja mfanyabiashara, hasa Mhindi. Ni neno geni lililokuja na biashara, likapewa uraia. Shakespeare anataja mfanyabiashara mmoja, Antonio; Nyerere anaweka wingi. Katika tamthilia, sheria ya Venisi inamgeukia Shylock kwa kuwa si raia, aliyeitishia roho ya raia. Jina la Kiswahili linaifuta tofauti hiyo kabla pazia halijafunguliwa, kwa kuwa Antonio na Shylock wanasimama katika ngeli moja, wote mabepari. Kilichoulizwa Edinburgh kwa lugha ya rangi kinajibiwa hapa kwa lugha ya tabaka, sawasawa na makala yake ya Februari 1967 iliyotenganisha ujamaa na ubaguzi wa rangi.

Usomaji huu una mpaka wake. Jina la kitabu si kitabu, na ndani ya maonyesho Shylock anabaki kutukanwa kwa dini na kabila lake. Wingi wa jalada haumwokoi mahakamani. Pengine hapo ndipo tafsiri inapokuwa na ukweli zaidi kuliko nadharia ya mfasiri. Isitoshe, Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa anayekirimiwa na kwa asiye wa hapa, utata ambao mwanafunzi yeyote wa ng'ambo huuishi kila siku na ambao hukumu ya Venisi haiujui.

Mwaka huohuo wa 1969 Nyerere aliirudia tafsiri yake ya kwanza, ya 1963. Pamoja na marekebisho mengine, alibadili tahajia ya jina la Mrumi, na tangu hapo akasomwa kama Juliasi Kaizari.