Lori Moja, Miaka Mitatu: Jinsi Scania Kuukuu Inavyosomwa

Kitu cha kwanza anachokishughulikia muuzaji wa lori kuukuu ni beji ya mbele. Ataipiga brashi, ataipaka rangi ya fedha, na kama imepotea atatafuta nyingine. Ndiyo maana mtu anayeijua kazi hii huiacha beji mwisho kabisa. Beji imeshikwa na skrubu mbili au tatu, ilhali fremu imeshikwa na ribiti zilizopigwa kiwandani. Kutambua lori la zamani ni kuupima kila ushahidi kwa swali moja: kitu hiki kingeweza kubadilishwa kwa urahisi kiasi gani, na kwa gharama gani?

Nitaeleza kazi hiyo kwa Scania zenye boneti, zile za pua ndefu ya mviringo zilizotengenezwa tangu mwisho wa miaka ya 1950 hadi mwanzo wa miaka ya 1980. Nimezichagua kwa sababu zinapotosha kuliko malori mengi. Kwa nje zinafanana kama watoto wa mama mmoja, na zimebadilishana viungo kiasi kwamba ni nadra kukuta moja iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani. Zilitoka Södertälje nchini Sweden, zikatoka pia São Bernardo do Campo nchini Brazil, ambako umbo la pua hiyo liliwafanya madereva waziite mamba. Kwetu jina la Scania si geni hata kidogo. Kibaha kulikuwa na TAMCO, kiwanda kilichounganisha malori ya kampuni hiyo, na baadaye yakaja mengi yaliyokwisha kutumika Ulaya.

Tuseme basi limeletwa lori lenye beji ya 111. Mwenye nalo anasema ni la 1978. Kadi inasema 1981. Nyuma lina ekseli mbili, na injini inaunguruma vizuri tu. Ni Scania gani hii, na ya lini?

Kwanza jina lisomwe kwa kanuni za kiwanda chake. Namba 111 haihesabu tani wala nguvu za farasi. Tarakimu mbili za mwanzo ni ujazo wa injini kwa lita, yaani 11, na ya mwisho ni kizazi. Scania 110 ilitoka mwaka 1968, na 111 ikachukua nafasi yake mwaka 1974. Vivyo hivyo 140 ya mwaka 1969, iliyokuwa na injini ya V ya silinda nane na lita 14.2, ikawa 141 mwaka 1976. Lakini kanuni hiyo haifiki nyuma ya 1968. L75 ya mwaka 1958 ilikuwa na injini ya lita 10 na ushee, na L76 ya mwaka 1963 ilikuwa na ya lita 11. Anayesoma 76 akadhani ni lita 7 amepotea njia mapema.

Mercedes-Benz walikuwa na hesabu tofauti kabisa. Lori lao la 1113 ni la tani 11 za uzito wote likiwa na mzigo, na nguvu za farasi karibu 130, na 1924 ni tani 19 na farasi 240. Volvo nao wana yao: katika N10, namba ni lita, na N ni ya lori lenye boneti. Viwanda vitatu, maana tatu za namba. Nimeona matangazo ya kuuza yakizichanganya zote bila haya.

Baada ya namba, herufi, na hapa pana mtego ambao naupenda kuliko yote. Katika mfumo wa zamani wa Scania, L peke yake ni lori lenye boneti, na LB ni lenye uso bapa, dereva akikaa juu ya injini. Ikiongezwa S, kuna ekseli ya ziada nyuma inayobeba tu bila kuvuta. Ikiongezwa T, ekseli zote mbili za nyuma zinavuta, yaani ni lori la difu mbili. Kwa hiyo LS110 na LT110 huoni tofauti yao kwa mbali, ila kazi zao ni mbili mbalimbali. Ilipofika 1980 kampuni ikaleta mfululizo mpya, 82, 112 na 142, na herufi zikahamia kwenye kabini. G, P na R ni za uso bapa, kutoka kabini ya chini hadi ya juu, na T sasa ndiyo yenye boneti. Herufi ileile iliyokuwa ya difu mbili imekuwa ya pua. T112 inaweza kuwa na difu moja na hakuna kosa lolote. Ukitaka kujua chesisi yake ni imara kiasi gani, soma herufi ya mwisho: M, H au E, na E ndiyo ya kazi ngumu zaidi.

Kwa lori letu la mfano, suala la S au T halihitaji karatasi. Lala chini ya gari. Kama kutoka kwenye difu ya mbele kuna propela fupi inayoendelea hadi ekseli ya nyuma yake, ni T. Kama ekseli ya mwisho ni mhimili mtupu usio na bakuli la difu katikati, ni S. Tuseme hapa hakuna propela ya pili. Tunayo LS, na kama boneti ni ileile ya mviringo tunajua tuko kabla ya mfululizo wa 1980 kushika soko.

Kabini haitusaidii sana kuendelea. Umbo lile la L75 lilipita L76, likapita 110, likaishia 111, na la 111 lilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni zaidi ya miaka ishirini ya sura moja. Kuna alama moja tu ya nje ninayoiheshimu: jina la Scania-Vabis. Kampuni hizo mbili, Scania ya Malmö na Vabis ya Södertälje, ziliungana mwaka 1911 na malori yakabeba majina yote mawili hadi 1968, Vabis lilipoachwa. Jina refu likikutwa limechapwa kwenye kifaa ambacho hakuna sababu ya mtu kukihamisha, kifaa hicho ni cha kabla ya mabadiliko hayo au cha karibu nayo. Likiwa kwenye beji ya mbele tu, ni pambo, na siku hizi wapenzi wa malori ya zamani hulipia pambo hilo kwa furaha.

Fremu sasa. Namba ya chesisi ya Scania hugongwa kwenye chuma chenyewe cha fremu, upande wa kulia mbele, karibu na ekseli ya mbele. Mara nyingi imezikwa chini ya rangi, grisi na matope ya miaka. Isiguswe kwa tindo wala kwa grainda. Brashi laini ya waya, thina, kitambaa, kisha chaki isuguliwe juu ili weupe ubaki ndani ya mashimo ya tarakimu. Ukiweka karatasi nyembamba na kuisugua kwa penseli utaondoka na nakala ya ukubwa halisi, na nakala hiyo ina thamani kuliko picha ya simu, maana inaonyesha kina. Tarakimu zilizogongwa kiwandani zina mwendo wake: kina kinakaribiana, mstari unaeleweka, chuma cha pembeni kimebaki bapa. Pakiwa na bonde dogo chini ya namba, mtu amesaga iliyokuwepo. Pakiwa na mshono wa welding kuizunguka, kipande kizima kimetoka lori jingine. Na tarakimu moja yenye mkia tofauti na dada zake inatosha kukufanya uulize maswali mapya.

Halafu tembea na fremu hadi nyuma. Vipande vya kukingama vya asili vimeshikwa kwa ribiti. Ukikuta boliti na nati, hapo pamefunguliwa. Si lazima iwe uhalifu, maana malori mengi yalirefushwa ili kichwa cha kuvuta tela kigeuzwe lori la bodi, au yalifupishwa kwa kazi ya kinyume. Lakini pia urefu kati ya ekseli hauwezi tena kutumika kama ushahidi wa modeli.

Kuna mtihani mwepesi kwa magari ya miaka ya 1980 na kuendelea, yaliyoingia kwenye mfumo wa kimataifa wa namba ya herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q haziruhusiwi humo, kwa kuwa zinachanganyikana na 1 na 0. Ukiona mojawapo, ama umeisoma vibaya ama imetungwa. Tatu za mwanzo zinataja mtengenezaji na mahali: YS2 ni Scania ya Sweden, XLE ni ya Zwolle nchini Uholanzi, 9BS ni ya Brazil. Wengi hukimbilia ya kumi wakitafuta mwaka. Hilo ni agizo la Marekani Kaskazini, ambako A ilikuwa 1980, B ikawa 1981, na baada ya miaka 30 herufi zikaanza upya. Viwanda vingi vya Ulaya havikuitumia nafasi hiyo kwa mwaka, na namba isiyokusudiwa kuwa mwaka haiwi mwaka kwa kutamaniwa.

Injini ndiyo sehemu tamu, na ndipo mafundi wazuri hukosea. Fundi hufungua kichwa, hupima upana wa silinda, hupata milimita 127, husema: ni ya 11. Tatizo ni kwamba injini ya lita 10 ya L75 ina milimita 127 pia. Hata ile ya V ya lita 14.2 ni 127. Waswidi walishikilia kipenyo kimoja na kucheza na safari ya pistoni. Kwenye injini ya lita 10 pistoni husafiri milimita 135, kwenye ya lita 11 husafiri 145. Kwa hiyo kinachopaswa kupimwa ni kina. Zungusha flaiwili kwa mkono hadi pistoni ifike juu kabisa, pima toka uso wa bloku, zungusha hadi ifike chini kabisa, pima tena, toa. Tofauti ya sentimita moja ndiyo inayotenganisha D10 na D11. Anayeagiza seti ya pistoni kwa kipenyo peke yake ataletewa kitu kinachoingia kwenye silinda vizuri sana na hakifai.

Jina la injini lenyewe linasomeka. D ni dizeli, S inayofuata ni turbo, na C, iliyoanza kuonekana kwenye injini za lita 11 katika miaka ya 1980, ni kipoza hewa ya turbo. Injini ya DSC11 ndani ya lori la 1975 ni mgeni aliyekaribishwa baadaye.

Mabaki ya tarehe yapo kila mahali kwa mwenye subira. Vyuma vya kumimina mara nyingi vina saa ndogo ya duara, mwaka katikati na nukta za miezi pembeni. Mitungi ya hewa ya breki huwa na kibati chenye mwaka. Kila tarehe ya namna hiyo inasema jambo moja tu: kifaa hiki hakikuwepo kabla ya hapo. Kifaa cha asili kilicho kichanga kuliko vyote ndicho kinachoweka mpaka, lori haliwezi kuwa la kabla yake. Neno la kukazia ni "cha asili". Mtungi wa 1979 uliofungwa kwa nati mpya zinazong'aa hauthibitishi lolote. Ule ambao rangi ya fremu imeufunika pamoja na mikanda yake unastahili kusikilizwa.

Karatasi nimeziacha makusudi hadi hapa. Kadi hutaja mara nyingi mwaka wa kuandikishwa, na namba ya usajili pia huhesabu kuandikishwa, si kuzaliwa. Kwa lori lililopitia Uingereza, cheti cha kule kikibaki kinasaidia: herufi ya mwisho ya namba zao ilikuwa ikibadilika kwa mwaka, P ikiwa Agosti 1975 hadi Julai 1976, R mwaka unaofuata. Hata hiyo ni siku ya kuingia barabarani, na lori linaweza kukaa yadi miezi mingi.

Lori letu basi. Tuseme namba ya fremu ni fupi, ya mfumo wa zamani, haijaguswa, na kumbukumbu za kiwanda zinaiweka kwenye 110. Mtungi wa hewa uliofunikwa rangi ya asili ni wa 1972. Safari ya pistoni ni 145, turbo ipo, lakini saa ya bloku inaonyesha 1977. Milango na boneti vimetoka kwa 111, maana chini ya rangi ya sasa kuna bluu ambayo haipo popote kwenye fremu. Mwenye lori hakudanganya sana aliposema 1978, ila alikuwa akitaja umri wa injini. Kadi ilitaja mwaka lilipoandikishwa. Fremu inasema LS110, ya 1972 au baada yake kidogo, si zaidi ya 1974.

Katika ripoti ningeandika miaka yote mitatu, kila mmoja mbele ya kitu chake: fremu, injini, kabini. Breki na springi ziagizwe kwa fremu, pistoni na pampu kwa injini, vioo na milango kwa kabini. Anayelazimisha mwaka mmoja kwa gari zima atarudi dukani na boksi la spea lisilofaa kazi.

Mchezo huohuo unaendelea kwa magari mapya zaidi. 113 ya mwisho wa miaka ya 1980 inafanana sana kwa nje na 112, na kubadili tarakimu moja ya beji ni kazi ya dakika chache. Fungua mlango utazame dashibodi. Ya 113, yaani ya mfululizo wa 3, imekunjwa kumzunguka dereva. Ile ya 112 imenyooka zaidi, na kuing'oa yote na kuweka nyingine, pamoja na nyaya zake, ni gharama ambayo wachache wako tayari kuibeba kwa ajili ya uongo.