Bia Isiyotiwa Hamira

Wengi tukianza kuzifuata bia za Ubelgiji huanzia kwa watawa. Westmalle Tripel ina kilevi cha asilimia 9.5, nayo hupita kooni kwa ulaini mpaka mtu akajisahau. Ni bia nzuri, sina neno nayo. Lakini anayetaka kuuona ufundi wenyewe wa mpika bia na aende Anderlecht, mjini Brussels, kwenye kiwanda cha Cantillon, ambacho ni mali ya familia tangu mwaka 1900.

Chini ya paa kuna karai la shaba, pana sana, lenye kina kifupi. Miezi ya baridi humiminwa humo maji ya moto ya kimea cha shayiri na ngano mbichi, yaliyochemshwa na maua ya hopsi yaliyokwisha kukaa ghalani miaka kadhaa. Kisha huachwa yapoe usiku kucha. Hamira haitiwi. Huletwa na hewa, kama tembo la mnazi linavyochachuka kibuyuni bila mgema kulitia kitu. Ila tembo likilala siku mbili tatu ni siki, na hii hulazwa ndani ya mapipa ya mwaloni hadi miaka mitatu.

Hapo ndipo anapoingia mchanganyaji, na sifa zangu nyingi ni zake. Hupita pipa hadi pipa akionja, kwani hakuna mapipa mawili yanayofanana. Bia changa ya mwaka mmoja bado ina sukari, nayo ndiyo itakayotoa povu chupani. Ya miaka mitatu huleta ukali na kina. Akizioanisha vizuri hupatikana gueuze: harufu ya limau na zizi la farasi, funda la kwanza linakutia ganzi ya meno, la pili unaanza kuelewa, la tatu hutaki kuzungumzishwa.

Tuliozoea kuulizwa na mhudumu "baridi au moto?" tujue kwamba jibu la gueuze liko katikati. Ikitoka kwenye barafu, haisemi kitu.

Mwaka 2016 UNESCO iliutambua utamaduni wa bia wa Ubelgiji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini hawa bado hawajatia.

Mtihani wa ufundi wowote ni kuvuka bahari. Pierre Celis, aliyewahi kuuza maziwa, aliifufua bia nyeupe ya Hoegaarden mwaka 1966, baada ya kiwanda cha mwisho kijijini kufungwa. Baadaye akahamia Austin, Texas, akaipika huko pia. Kule Portland, Maine, Rob Tod alianzisha Allagash mwaka 1995 kwa bia ya aina hiyo hiyo: ngano, giligilani, maganda ya machungwa. Mwaka 2007 wakajenga karai lao wenyewe. Gueuze hawaiiti, kwa heshima ya wenye nayo. Wameiita Resurgam. Hewa ya Maine imefanya kazi yake kwa namna yake: naiona nyororo zaidi, ina utamu wa tunda kabla ya uchachu.

Kwa bia hizi za hewa, Brussels bado iko mbele, tena mbali. Kwa bia nyeupe, nikiwekewa ya Hoegaarden na ya Allagash meza moja, mkono wangu huenda kwa ya Maine.