Kusomea Sera Bila Kuiona

Ukimwomba mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya siasa akueleze jinsi sera ya taifa inavyotungwa, mara nyingi atachukua kalamu akuchoree duara. Juu ataandika "tatizo". Mshale utashuka hadi kwenye "ajenda", kisha "uchambuzi wa njia mbadala", kisha "uamuzi", kisha "utekelezaji", na mwishowe "tathmini", ambayo mshale wake unarudi juu ulikoanzia. Mchoro ni safi, unakumbukika, na katika mtihani una alama zake.

Duara hilo nimelisoma nikiwa mwanafunzi, na baadaye nimelifundisha. Kati ya vipindi hivyo viwili nilikaa wizarani miaka kadhaa, nikiandika madokezo sabili na kufuatilia mafaili masijala. Sina ugomvi na wanaolichora. Shaka yangu ni juu ya kile ambacho duara linamfanya mwanafunzi asikione. Linamzoeza kusoma sera zilizokwisha kuandikwa, zenye jalada la rangi na dibaji ya waziri. Halimzoezi kuitafuta sera iliyopendekezwa, ikachunguzwa, ikaungwa mkono na waliopewa kazi ya kuichunguza, kisha isitungwe. Nami naamini kwamba anayesomea utungaji wa sera bila kuijua hiyo ya pili amesoma nusu ya somo, tena ile nusu iliyo nyepesi.

Tulitendee haki duara kwanza. Chimbuko lake ni kazi ya Harold Lasswell, mwanazuoni wa Marekani, ambaye mwaka 1956 aliugawa mwenendo wa kufanya uamuzi katika hatua 7. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la maana. Lilimtoa msomaji kwenye vifungu vya katiba, likampeleka kwenye swali la nani anafanya nini, na lini. Kwa mwanafunzi mgeni mpangilio huo ni kama ramani ya mji asioujua: haina mashimo ya barabarani wala foleni, lakini angalau inamwonyesha kituo cha basi kiko upande gani.

Wanazuoni wenzake hawakukawia kuona mapungufu. Mwaka 1959 Charles Lindblom aliandika kwamba watumishi wa serikali hawakai chini wakapima njia zote zilizopo. Husogea hatua fupi fupi kutoka pale walipo, wakirekebisha kidogo mambo ya jana. Aliyewahi kuandaa bajeti ya idara kwa kuchukua ile ya mwaka uliopita na kuiongezea asilimia chache atamwelewa Lindblom hata kabla ya kuisoma makala yake.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote katika somo hili ni ya Jeffrey Pressman na Aaron Wildavsky, iliyotoka mwaka 1973, kuhusu utekelezaji. Waandishi hawa walichukua mradi mmoja wa serikali kuu ya Marekani, uliokusudiwa kuleta ajira katika mji wa Oakland, California, wakaufuata kituo hadi kituo. Fedha zilikuwepo, na wakubwa waliutaka mradi. Bado ajira zilizopatikana zilikuwa chache mno. Walihesabu mara 70 ambapo ridhaa ya mtu au ofisi fulani ilihitajika ili mradi usonge mbele. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji: hata kama kila ridhaa ina uwezekano wa asilimia 99, uwezekano wa kuzipata zote 70 ni kama nusu tu. Ukishuka hadi asilimia 95 kwa kila moja, uwezekano wa zote haufiki asilimia 3. Baada ya kuisoma hesabu hiyo, huwezi tena kuuchora mshale kutoka "uamuzi" hadi "utekelezaji" kwa mkono usiotetemeka.

Ubora wa kitabu hicho ni kwamba kinaanzia kwenye kisa, ndipo kinafika kwenye fundisho. Katika vyumba vyetu vya mihadhara mambo huenda kinyume. Fundisho linatangulia, na kisa kikipatikana hukatwa miguu ili kienee ndani ya duara.

Na kisa tunacho, tena cha hapa kwetu. Mwaka 1980 Rais Julius Nyerere aliunda Tume ya Rais ya Elimu chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1982. Miongoni mwa mapendekezo yake lilikuwamo moja kuhusu lugha. Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967. Tume ilipendekeza kianze kutumika katika sekondari, kidato cha kwanza, mwaka 1985, kipande darasa kwa darasa, na kifike chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lilikuwa pendekezo lenye tarehe, na waliofanya kazi serikalini wanajua jinsi jambo hilo lilivyo adimu.

Lipitishe sasa kwenye duara. Tatizo lilitambuliwa: vijana walikuwa wanafundishwa kwa lugha wasiyoimudu. Liliingia kwenye ajenda, tena kwa mlango mkubwa, kwa kuwa Tume ilikuwa ya Rais. Njia zilichambuliwa na wenye ujuzi. Mpaka hapo mshale unakwenda vizuri. Kisha, mwaka 1983, habari zikatoka kwamba badiliko lililotarajiwa halitafanyika. Serikali ilipochapisha mwaka 1984 msimamo wake juu ya mapendekezo ya Tume, hilo la lugha halikupita. Mkazo ukawa kwenye kukiimarisha Kiingereza. Mwalimu mwenyewe, aliyewahi kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, alikieleza Kiingereza kuwa ndicho Kiswahili cha dunia.

Mwaka huohuo wa 1984, wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walitoa taarifa yao juu ya hali ya Kiingereza katika shule zetu. Walikuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakijui kiasi cha kuweza kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Hata hivyo walishauri kiendelee kuwa lugha ya kufundishia, na baadaye ukaja mradi wa kukiimarisha kwa fedha za Uingereza. Ni sawa na mtu aliyepima kisima, akakikuta hakina maji, akashauri zinunuliwe ndoo kubwa zaidi.

Nimewahi kuwapa wanafunzi kisa hiki katika zoezi la darasani. Wengi huandika kwamba sera "ilikwama" kati ya hatua ya tatu na ya nne. Neno hilo ndilo linalonikera. Gari hukwama kwenye tope. Pendekezo la Tume ya Rais halikwami lenyewe. Kuna meza lilikofika, na kuna watu waliokuwa wameketi kwenye meza hiyo. Lakini duara halina nafasi ya kuwaandika watu hao, kwa hiyo mwanafunzi hawatafuti. Uamuzi wa kutoamua, kwake, ni ukurasa mtupu.

Si kwamba wanazuoni hawakulisema jambo hili. Mwaka 1962 Peter Bachrach na Morton Baratz walieleza kwamba nguvu ina nyuso mbili: uso wa anayeshinda mjadala, na uso wa anayehakikisha mjadala haufiki mezani. Mwaka 1984, mwaka uleule wa msimamo wa serikali yetu, John Kingdon alitoa kitabu chake kinachosema kwamba matatizo, masuluhisho na siasa hutiririka kila kimoja katika mkondo wake, na sera huzaliwa pale mikondo mitatu inapokutana kwa muda mfupi.

Jaribu kukisoma kisa chetu kwa macho hayo. Mwaka 1967 mikondo ilikutana: Azimio la Arusha mwezi wa Februari, Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi, na Kiswahili kikatawala shule za msingi. Kufikia mwaka 1984 mkondo wa siasa ulikuwa umegeuka. Nchi ilikuwa imetoka katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, maduka hayana bidhaa, na serikali ilikuwa katika mvutano mrefu na Shirika la Fedha la Kimataifa uliokwisha kwa makubaliano ya mwaka 1986. Je, wakati kama huo serikali ingetaka kuonekana inaifungia dunia mlango? Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Wazazi wengi nao, hasa wa mijini, walikitaka Kiingereza kwa kuwa waliona kinavyompa mtu kazi, na hofu ya mzazi haidharauliki. Ninachosema ni kwamba haya ndiyo maswali ya somo letu, na duara halimlazimishi mtu kuyauliza.

Yaliyofuata yanalihukumu duara zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikiacha Kiingereza mahali pake katika sekondari. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ikasema utaandaliwa mpango maalumu wa kukiwezesha Kiswahili kutumika katika ngazi zote za elimu. Serikali ni moja, na kati ya sera hizo ipo miaka 2 tu. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikafungua tena mlango wa Kiswahili katika ngazi zote, lakini kengele ya sekondari inapolia asubuhi, somo la baiolojia bado ni kwa Kiingereza. Kwa kipimo cha duara sera zote hizi zimefanikiwa kutungwa: zimeandikwa, zimechapishwa, zimezinduliwa. Kwa upande mwingine, mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo ambalo kwa miaka mingi wengi walisema haliwezekani kwa uhaba wa istilahi. Ilipotakiwa, ilifanyika.

Hapa nafika kwenye jambo linalonigusa zaidi. Somo lenyewe la sera tunalifundisha kwa Kiingereza. Nimeongoza semina ambamo vijana 30 walitazama madaftari yao kwa dakika nyingi, kila mmoja akimwogopa mwenzake amcheke. Baada ya kipindi nikawapita vijana haohao wamekaa kwenye vimbweta, wanabishana kwa Kiswahili juu ya mikopo ya wanafunzi: nani aliamua vigezo, nani aliachwa, kwa nini wabunge walinyamaza. Walikuwa wanachambua sera, tena kwa ukali ambao sijauona katika karatasi yoyote ya mtihani niliyoisahihisha. Hakuna aliyewaambia kwamba hilo ndilo somo.

Wapo watakaonijibu kwamba chuo kikuu ni mahali pa nadharia. Kwamba ukimpa mwanafunzi visa bila kielelezo utamfanya msimulizi wa umbea wa maofisini, asiyeweza kulinganisha nchi na nchi. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana sitaki duara lifutwe ubaoni. Nataka liwekwe mwishoni. Mwanafunzi apewe kisa kimoja kwa muhula mzima. Asome taarifa ya Tume na majibu ya serikali bega kwa bega, kifungu kwa kifungu. Afungue kumbukumbu za majadiliano ya Bunge. Atazame bajeti ya wizara miaka mitatu mfululizo, maana ahadi isiyo na kasma haina makazi. Amtafute mwalimu mstaafu aliyekuwa darasani mwaka 1985, amwulize alikuwa ameambiwa nini. Kisha ajibu maswali manne: nani alipendekeza, pendekezo lilifika meza gani, nani alinufaika lilipokataliwa, na nani hakuulizwa. Na majibu yake ayaandike kwa lugha ambayo yule asiyeulizwa anaweza kuisoma. Akishamaliza, achorewe duara, aambiwe aseme limeacha nini nje. Nadhani atakuwa na mengi ya kusema.

Nayasema haya kwa kuwa wahitimu wetu hawaendi mbali. Miaka michache tu baada ya mahafali baadhi yao watakuwa maofisa wa wilaya na wa wizara, na mapendekezo ya wengine yatafika mezani kwao yakiwa ndani ya faili jembamba. Ofisa anayejua kwamba faili lililoachwa bila kuandikwa neno nalo ni uamuzi, na kwamba uamuzi huo utaingia darasani kwa mtoto asiyemjua, ataliandikia faili hilo kwa uangalifu zaidi. Yule aliyefundishwa kwamba mambo "hukwama" tu atalirudisha masijala, na dhamiri yake itakuwa shwari.