Waya Kati ya Boti Mbili

Kwa mtu wa bara kama Chinongwe, bahari ni Lindi, na Lindi ndiko siri ilikofichuka. Oktoba 1914 mabaharia wa manowari ya Kiingereza Chatham waliipekua Präsident, meli ya Kijerumani iliyojificha Mto Lukuledi, wakakuta hati za makaa ya mawe yaliyopelekwa Rufiji. Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyokuwa imeizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar tarehe 20 Septemba, ilijibanza humo katikati ya mikoko.

Yaliyofuata husimuliwa kwa mizinga. Mimi huvutiwa na Echo, Fly na Childers, boti za kuwindia nyangumi zilizoingizwa vitani. Boti ya aina hiyo hugeuka upesi, ina mashine yenye nguvu, na winchi yake imezoea mzigo unaopigana. Mfagiaji wa mabomu angeomba nini zaidi?

Bomu la majini la enzi hizo halikuelea ovyo. Lilifungwa kwa waya kwenye uzito uliolala chini, likakaa limezama kiasi cha kutoonekana, likisubiri meli iguse pembe zake. Kwa hiyo mfagiaji hahangaiki na bomu lenyewe, anausaka waya wake. Boti mbili huenda sambamba zikiburuta kamba ndefu ya chuma iliyozamishwa kwa kina kilichopangwa. Ikinasa, bomu huvutwa hadi maji machache, au waya hukatika, likaibuka na kupigwa risasi kwa mbali.

Ufundi uko kwenye mwendo. Nahodha mmoja akitangulia, njia iliyofagiwa hupungua. Wakizubaa, kamba hukwama chini. Mkondo nao unakisukuma kila chombo kivyake. Manahodha hao huendana kama wabeba machela. Na mbele yao hakuna aliyefagia! Kinga yao ni maji kujaa, na boti isiyozama sana.

Julai 1915 manowari za Kiingereza za aina ya monita, Severn na Mersey, ziliingia mlango wa Kikunja kuimaliza Königsberg. Nyuma yao Weymouth, yenye bendera ya Amirali King-Hall, ilivuka fungu la mlangoni, Echo na Fly zikifagia, Childers ikipima kina mbele. Huyu mpimaji wa Childers ndiye ninayemhusudu: anatupa bildi, anasoma pima, anapaza sauti, anatupa tena, huku nchi kavu kuna adui, na manowari nzima nyuma yake inageuza sukani kwa neno lake.