Mgane na Mashairi Yake

Katika kufundisha mashairi ya maombolezo, sisi walimu wa Kiswahili huanza na Shaaban Robert akimlilia mkewe Amina, na mara nyingi huishia hapo. Yafaa tumtazame pia Mwingereza Thomas Hardy, kwani msiba wake una jambo ambalo kilio cha Amina hakina: majuto ya ndoa iliyopoa.

Mkewe Emma alifariki tarehe 27 Novemba, 1912, baada ya ndoa ya miaka 38. Miaka ya mwisho walikaa nyumba moja kama wageni, mke akijitenga katika vyumba vyake vya darini. Mauti ndiyo yaliyoyaamsha mapenzi ya mzee yule wa miaka 72. Machi 1913 alisafiri hadi Cornwall, walikoonana mara ya kwanza mwaka 1870, akarudi akiendelea na mfululizo wa maombolezo ambao hatimaye ulifikia mashairi 21.

Mwalimu atazame hasa shairi liitwalo "The Voice". Lina beti nne. Tatu za kwanza zatiririka kwa mizani ya wimbo, mgane akidhani aitwa na sauti ya marehemu; katika ubeti wa nne mizani yavunjika, naye ajikokota peke yake katika upepo. Huzuni haikutajwa sana. Imetiwa katika mwendo wa maneno.

Lakini tarehe 10 Februari, 1914, Hardy alimwoa Florence Dugdale, mwenye miaka 35, aliyekuwa akimsaidia kazi tangu Emma yu hai. Novemba mwaka huo huo akayachapisha maombolezo. Barua za Florence zaonyesha jinsi yalivyomchoma.

Wako wanaomwita Hardy mnafiki. Mimi siuoni unafiki huo. Anayeliliwa ni msichana wa 1870, mpanda farasi wa pwani ya Cornwall, na huyo alikwisha kutoweka miaka mingi kabla Emma hajazikwa. Tena kitabuni humo mna shairi lililotunukiwa Florence kwa herufi za jina lake. Lawama yangu ni kwa mume, wala si kwa mshairi: maneno matamu aliyomnyima Emma hai alimpa akiwa kaburini, na Florence, aliye hai, akaachwa ayasikilize.

Hardy alifariki Januari 1928. Majivu yake yaliwekwa Westminster Abbey, moyo wake ukazikwa Stinsford katika kaburi la Emma. Florence aliridhia. Alipofariki mwaka 1937, naye akazikwa papo hapo.