Grieg Arudi Alikoanzia

Kwa miaka mingi nilimdharau Edvard Grieg kwa sababu ya "Siku ya Harusi Troldhaugen", kipande cha piano kinachopigwa hadi kinakinaisha. Nilisema huyu ni majitu ya ngano na fidla za vijiji vya Norwei, basi.

Lakini kipande hicho ni kimoja kati ya 66, katika vitabu 10 vya *Lyriske stykker*. Cha kwanza, "Arietta", kilichapishwa 1867. Ni kifupi mno. Cha mwisho, "Efterklang" cha 1901, ni wimbo uleule uliogeuzwa waltz. Visikilize kwa kufuatana. Mapigo matatu yanauyumbisha wimbo, kama mzee anayejaribu miguu yake kwenye ngoma ya ujanani. Hapa hakuna kijiji wala jitu. Yuko mtu anayekaribia miaka 60, anajisikiliza.