Kutoka hapa kwenda pale: mwendo wa Kiingereza katika tafsiri zetu

Anayesoma tafsiri zilizotolewa katika Kiingereza hukutana mara kwa mara na jozi moja ya maneno: «kutoka… kwenda». Kitabu kimetafsiriwa «kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili». Maji yamebadilika «kutoka maji kwenda barafu». Jamaa imehama «kutoka Bukavu kwenda Lubumbashi». Sentensi hizo zinaeleweka. Lakini je, ni Kiswahili kinachosema hapo, ama ni Kiingereza kilichovaa kanzu?

Mwanaisimu wa Marekani, Leonard Talmy, alionyesha katika makala yake ya mwaka 1985 kwamba lugha hutofautiana kwa mahali zinapoiweka njia ya mwendo. Kiingereza hukiachia kitenzi namna ya kwenda, na njia hubebwa na vineno kama «into», «out of» na «across». Kiswahili hufanya kinyume: njia imo ndani ya kitenzi chenyewe, yaani kuingia, kutoka, kuvuka, kupanda, kushuka, namna hufuata nyuma. Twasema: alivuka mto kwa kuogelea, alitoka nyumbani mbio. Kifaransa nacho huelekea upande huu, hata mfasiri wa Kongo aliyezoea Kifaransa asingepaswa kupotea njia kwa urahisi.

Mfasiri anayetafuta neno moja kwa kila kihusishi cha Kiingereza husahau kwamba kitenzi chetu kina silaha nyingine, nayo ni kauli ya kutendea. Kuhama ni kuacha mahali. Kuhamia ni kufika na kukaa. Kwa hiyo jamaa ile ilihama Bukavu, ikahamia Lubumbashi. Mwezi wa Januari 2002, volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka, wakaaji wengi wa Goma walikimbia mji wao, wakakimbilia Gisenyi nchini Rwanda. Silabi moja tu inatenga mahali pa hatari na mahali pa kimbilio. Anayeizoea jozi ya «kutoka… kwenda» huacha kuisikiliza silabi hiyo, na siku atakapoandika «walikimbia Gisenyi» akitaka kusema «walikimbilia Gisenyi», habari itakuwa imegeuka juu chini.

Kuhusu mabadiliko, hoja ina nguvu zaidi. Barafu si mahali ambako maji huenda: maji hugeuka kuwa barafu, ama huganda tu. Kitabu hutafsiriwa kwa Kiswahili. Mambo ambayo Mwingereza huyatoa kwenye ubaya na kuyapeleka kwenye ubaya zaidi, sisi twasema yamezidi kuharibika. Na anayepita kila mlango hupita nyumba kwa nyumba.

Hatusemi kwamba jozi hiyo ifukuzwe. Treni ya kutoka Lubumbashi kwenda Kamina inasafiri kwelikweli, na jina «treni» halina kitenzi cha kuibebea njia. Vilevile bei hupanda kutoka kiasi hiki hadi kile, maana hapo tunapima umbali kati ya ncha mbili. Tunalopinga ni kuifanya jozi moja ufunguo wa milango yote.

Basi wanafunzi wa tafsiri na wajizoeze jambo moja: kabla ya kukitafutia kihusishi mwenzake, wakiulize kwanza kitenzi. Mara nyingi jibu limo humo tayari.